Mama Taipu na Mausi ya Mninga

Kwetu Newala mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa hubaki kwenye vyeti tu, mji mzima humwita kwa jina la mtoto. Yeye hakujaliwa mtoto. Mji ukatafuta wa kumwitia, ukaiona taipureta, mashine nzito ya chuma aliyopewa kama kifuta jasho siku ofisi ya ushirika kule Masasi ilipopunguza wafanyakazi, basi ukamwita Mama Taipu. Mwanzoni nilidhani jina hilo linamuudhi. Nilipomzoea nikamuuliza, akasema anawajua wanawake wenye nyumba iliyojaa watoto na hakuna hata mmoja anayewanunulia chumvi, lakini mwanawe yeye anamlisha kila siku. Alisema hivyo akicheka, huku anaifuta mashine vumbi kwa ncha ya khanga, taratibu, na mimi nikaona nisiendelee na swali.

Nilikwenda kwake kujifunza kuchapa nilipomaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda. Miaka ile soko huria lilikuwa limeshapanda mpaka kwetu huku juu. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na mizani zao, mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, na kila aliyepunguzwa kazini alifungua kitu, hata kama ni meza ya kuuzia sabuni ya vipande. Mama Taipu alipanga chumba nyuma ya soko akaandika mlangoni kwa rangi ya kijani: HAPA TUNACHAPA. Taipureta ilianza kazi hiyo, kompyuta ikafuata baadaye. Ilitoka Dar ikiwa imeshatumika, imefungwa ndani ya godoro kama mgonjwa anayerudishwa kwao, na watu walijaa mlangoni kuitazama ikifunguliwa.

Alikuwa mtu wa adabu kali na mdomo mbaya, vyote viwili kwa mtu mmoja. Mteja akiingia bila hodi alirudishwa nje aingie upya. Lakini umeme ukikatika kabla hajahifadhi kazi, aliitukana jenereta ya mji kwa Chimakonde, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu bado yu hai. Alikuwa mkarimu wa kufundisha, na bahili wa karatasi mpaka aibu: ukiharibu ukurasa, upande wa pili ulikuwa wako wa mazoezi, na ukimaliza upande wa pili ulikuwa wa kufungia karanga. Aliyekosea jina la mtu hakusamehewa. Alisema mtu anaweza kuvumilia barua mbaya, lakini hawezi kuvumilia kuitwa asivyoitwa, hasa akiwa amekufa.

Na wafu walikuwa sehemu kubwa ya kazi yetu. Tulichapa barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, mitihani ya majaribio ya shule za huku na za kule Chidya, malalamiko ya mipaka ya mashamba ya mikorosho, lakini kilichokuja bila kukosa, masika na kiangazi, kilikuwa tanzia na matangazo ya khitma. Kazi ikiisha alisimama. Alishika karatasi kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaugusisha kiwiko cha huo wa kulia, akainama kidogo, ndipo akakabidhi. Kama mkono wa kulia ulikuwa na kitu, alikitua kwanza. Mara chache sana ilipomlazimu kutoa kitu kwa kushoto, alisema samahani kabla kitu hakijafika, hata kama anayepewa ni mtoto aliyetumwa kalamu.

Kwa hiyo haikunijia akilini kuyaunganisha mambo niliyokuwa nayaona kwa macho yangu. Siku chupa ya wino ilipoanguka mezani, aliidaka kabla haijafika sakafuni, na aliidaka kwa kushoto. Mbuzi wa jirani alipoingiza kichwa mlangoni kula mialiko ya harusi, Mama Taipu aliokota jiwe akamtwanga nalo kisogoni, mbuzi akiwa ameshavuka barabara, kwa kushoto. Nilicheka tu. Nilidhani ni haraka.

Mausi ya ile kompyuta ndiyo iliyomwanzia ugomvi. Taipureta ilimchosha vidole vyote sawasawa, lakini mausi ilimchagua mkono mmoja. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa bapa kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu, ina kigololi cha mpira tumboni, na vumbi letu jekundu lilikuwa linakijaa mpaka tukawa tunakikwangua kwa kijiti kila asubuhi. Kuishika ilibidi kiganja kilazwe chini na kifundo cha mkono kikunjwe kuelekea juu, na ukae hivyo kutwa. Misimu ya mitihani alikaa hivyo tangu umeme unawaka mpaka unazimwa. Maumivu yalianzia kwenye shina la kidole gumba, yakashuka kwenye kifundo, yakapanda mkononi. Akawa hawezi kukamua nguo. Alichemsha maji akatia chumvi akalowesha mkono, na kwa kuwa Newala maji ni ya kugombania, majirani walimwona kama mtu anayechezea mali. Alijua. Maji yaleyale aliyolowekea mkono aliyatumia kudekia chumba.

Stakabadhi za hospitali alikuwa nazo. Aliambiwa aache kazi hiyo apumzike. Alirudi amekasirika. Aliniuliza, akiacha kazi, hiyo dawa ya kupaka atainunua nani. Huo ndio ulikuwa mtihani wake wote: mkono ukifa chumba kinafungwa, na chumba kikifungwa hana mtoto wa kumkimbilia. Basi akaamua kwamba mkono ukishindwa kuizoea mausi, mausi ndiyo itakayouzoea mkono.

Alianza na vilivyokuwapo. Kwenye marobota ya mitumba kulikuwa na makoti ya kike ya kizungu yenye pedi mabegani, ambayo kwetu hakuna aliyeyataka. Akazichomoa pedi, akashona kijimto cha kuegeshea kifundo. Kilifaa kwa muda, kisha kikalala. Akashona kifuko akakijaza mtama, huo ukamfaa zaidi, mpaka wadudu walipotoboa na unga ukaanza kumwagika kwenye kibodi. Akaizungushia mausi matambaa mpaka ikawa kama kidole kilichokatwa. Kila jaribio alilipa majuma kadhaa kwa uvumilivu ambao mimi sina, kisha alitikisa kichwa na kuanza upya. Alisema tatizo si ulaini. Tatizo ni umbo. Aliyeiunda ile mausi hakuwahi kuwaza mkono unapenda kukaa vipi ukiachwa.

Jibu lake alilipata mezani kwao, kwenye ugali wa muhogo. Mkono uliotulia kuliko wote, alisema, ni mkono ulioshika tonge kabla halijapelekwa mdomoni. Hakuna kinachokazwa wala kinacholazwa: kiganja kimesimama ubavu, gumba limepata shimo lake la kuchotea mboga, vidole vimelala. Akachukua ugali mgumu uliolala, akaukanda, akaukamata kama anayekula, akauachia juani ukauke. Ugali wa makopa, muhogo uliokaushwa, ukikauka vizuri hata shoka linasita. Lile tonge kavu alilifunga kwenye kitambaa akampelekea fundi mmoja wa kijiji cha Mkunya aliyekuwa akichonga mipini ya majembe na vinu, akamwomba aliige lilivyo kwa mti wa mninga, alitoboe ndani, liwe ganda la mausi.

Fundi huyo alikuwa mzee mpole, mkewe alikuwa msemaji kwa niaba ya wote wawili. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa kushoto. Tezo alishika kwa kushoto, patasi kwa kushoto, na watu walikuwa wanamsema kwamba hata mipini yake inamgeukia mtu. Siku alipoleta kazi, chumba kilikuwa kimejaa wateja. Tulitoa utumbo wa mausi ya zamani, tukaupachika, vibonye tukavitengeneza kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyoshikwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ilikuwa nzuri ajabu, imepakwa mafuta ya nazi, rangi ya asali. Mama Taipu akaweka mkono wa kulia juu yake. Haukukaa. Shimo la gumba lilikuwa upande wa pili.

Mteja mmoja akaelewa kabla yetu, akaanza kucheka. Fundi kajichongea yeye mwenyewe, alisema, na chumba chote kikaangua kicheko. Fundi aliishika ile mausi akaigeuza, akalitazama tonge kavu alilokuja nalo, ambalo kuku walikuwa wameshalidonoa safarini likapoteza sura.

"Mama, mimi nimefuata tonge ulilonipa," alisema.

Mama Taipu naye alicheka. Nakumbuka alivyocheka, kicheko cha kuchelewa, na aliifunika ile mausi kwa kitambaa kama chakula. Alisema si kitu, wataifanya nyingine, hii ataifanya kuni ya kuchemshia chai. Fundi akaondoka na jina jipya. Kuanzia siku ile mji ulimwita Fundi Kushoto, na jina hilo alikwenda nalo kaburini. Mtu pekee ambaye sikuwahi kumsikia akilitamka ni Mama Taipu. Kwake aliendelea kuwa Fundi tu.

Tonge la pili alilibonyeza mbele yetu, mkono wa kulia, polepole, kama anayeandika hati. Mausi iliyotokana nalo ndiyo niliyoitumia na mimi, na ndiyo iliyowatoa watu hata Masasi kuja kuishangaa. Walioona mbao tu wakacheka, walioishika wakanyamaza. Mwalimu mmoja wa hesabu aliishika akiwa amesimama, akavuta kiti, akakaa, akasahau kilichomleta. Mimi sijawahi kushika kitu cha kazi kilichonipokea namna ile. Tulidhani mambo yameisha.

Hayakuisha, na hapa ndipo ninapopata uchungu mpaka leo. Kwa sababu haikuuma sana, alikaa nayo zaidi. Zamani maumivu yalikuwa yanamwinua kitini. Sasa hakukuwa na cha kumwinua. Alichukua mitihani ya shule alizokuwa anazikatalia. Alituhubiria sisi wanafunzi kupumzisha mikono, alitusimamisha nje tuitikise kama tunakung'uta maji, na yeye tukimwona dirishani ameinama, mkono haujatoka kwenye mninga. Alikuwa ametengeneza kitu kizuri cha kumponya akakitumia kujimaliza, na ukimwambia anakuuliza kama umemaliza ukurasa wako.

Niliwahi kumwambia nilichodhani ni rahisi. Kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyepita kutoka Mtwara, akatuonyesha kwamba ndani ya mashine unaweza kugeuza vibonye ili mtu atumie mausi kwa kushoto. Nikamwomba aujaribu mkono wa pili, walau wa kulia upone. Aliniangalia kama niliyemtolea neno chafu mbele ya wakwe.

"Mtu amefiwa," alisema. "Anakuletea jina la marehemu wake. Wewe ulishike kwa mkono wa chooni?"

Nilimjibu kwamba kompyuta haijui mkono gani. Alisema yeye anajua. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na kesho yake nilirudi kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumkamulia nguo. Hatukulizungumza tena.

Fundi alipofariki, Mama Taipu alichapa tanzia mwenyewe. Ilikuwa karatasi moja tu, na alikaa nayo tangu asubuhi hadi jua lilipohamia ukuta wa pili. Msibani alikaa karibu na mjane. Hakula. Nilidhani ni mkono, kwamba anaona haya kuonekana anashindwa kukata ugali, nikamwonea huruma kwa sababu isiyo yake.

Mimi baadaye nilipata kazi Masasi, kuchapa kwenye ofisi ya shule, nikaolewa hukohuko. Habari za Mama Taipu zilinifikia vipandevipande: ameacha mitihani, ameacha mialiko, amemwuzia mtu taipureta, amefunga chumba. Kisha nikasikia amehamia Mkunya kwa mdogo wake. Nilikuwa nasema nitakwenda, nitakwenda. Kilichonipeleka hatimaye ni kwamba nilianza kuamka asubuhi shina la gumba linawaka moto.

Nilimkuta kibarazani, amekaa juu ya mkeka, amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ileile ya kumrudisha mtu nje aingie upya. Mkono hakunipa. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani mwake, vidole vimejikunja ndani, hauna nyama kwenye shina la gumba. Nilijitahidi nisiutazame. Tukazungumza korosho, maji, nani kafa, nani kaolewa. Akanitania kwamba nimenenepa kama mtu wa ofisini.

Mdogo wake akaleta chakula, ugali wa muhogo na kisamvu, akatunawisha. Mama Taipu alinawa, kisha akasema ameshiba. Nilipomfuata mdogo mtu jikoni kurudisha birika, aliniambia kwa sauti ya chini nisishangae, dada yake hali mpaka watu waondoke, na siku zenye wageni wengi hushinda na njaa. Nilirudi kibarazani nikala peke yangu mbele yake. Bila kujua nikawa nauminya mkono wangu.

"Unauma?" aliniuliza.

"Kidogo tu, Mama."

"Wangu nao ulianza kidogo."

Akamwita mdogo wake amletee kifurushi kilichokuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku. Kilifungwa kwa kipande cha khanga. Akakifungua kwa kushoto, na meno yakisaidia. Ilikuwa ile mausi ya kwanza, ile ya kicheko. Mninga ulikuwa unang'aa, umepakwa mafuta si zamani.

Nilimkumbusha kwamba alisema atachemshia chai. Akakubali kwamba alisema.

"Fundi hakukosea," alisema. "Tonge lile nililibonyeza kwa mkono huu." Akauinua wa kushoto kidogo, akaushusha.

Kisha akanieleza, bila haraka, akiutazama uwanja. Kwamba alizaliwa mtu wa kushoto. Kwamba mama yake, kila wakati wa kula, alimfunga mkono huo kiunoni kwa ukanda wa khanga mpaka wa kulia ulipojifunza, na hakumpiga, alimfunga tu, huku akimbembeleza, maana aliogopa mwanawe atakosa wa kumwoa. Kwamba siku ya lile tonge alikuwa peke yake nyumbani, akafumba macho ili mkono ujichagulie unavyopenda, na mkono ukachagua. Hakujitambua mpaka Fundi alipoileta na watu wakacheka. Hapo ndipo alipoelewa, na ndipo na yeye akacheka.

"Niliijaribu," alisema. "Nilifunga mlango, nikahamishia ule utumbo ndani yake, nikageuza vile vibonye. Nikachapa tangazo la khitma, ukurasa mzima, haukuuma. Mkono ulikwenda kama mtu anayerudi kwao. Nikaona aibu kama niliyekutwa uchi. Nikalichana nikalirudia kwa wa kulia."

Nilishikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama yake niliyekuwa simjui, na kile kipande cha khanga, na wale wateja, na mimi nikiwa mmoja wao. Miaka yote ile dawa ilikuwa chini ya kitanda chake, anaipaka mafuta. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia walau Fundi, tukiwa bado naye. Alisema alikuwa anamwandalia maneno, kila akienda Mkunya alikuwa nayo mdomoni, na kila akimkuta Fundi anamwamkia kwa heshima anayameza. Mwisho alichoweza kumwandikia ni tanzia. Akalia hapo, kwa muda mfupi, akajifuta kwa bega.

Kisha akaichukua mausi kwa mkono wa kushoto akaninyooshea. Nilingoja samahani yake. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba nilishainama tayari kuiitikia. Hakuisema.

"Utumie huu mkono wako mwingine kabla wa kulia haujafika ulipofika wangu," alisema. "Na ukipita kwa mke wa Fundi, umwambie mumewe hakukosea. Mimi nitamwambia pia, lakini wewe mwambie."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Akaiangalia njia, kisha akamwambia mdogo wake amsogezee sahani. Mdogo mtu alinitazama, akaitazama sahani, akaisogeza. Mama Taipu akaumega ugali kwa kushoto, akaukanda, akauminya gumba likapata shimo lake, akachovya kisamvu, akala mbele yangu. Ugali ulikuwa umeshapoa. Aliumaliza wote.